Nyumba ya Chini

Miaka thelathini na miwili mkono wangu wa kulia
umekuwa pampu ya kisima:
juu, chini, juu, chini,
la pili likaze, la nne likaze,
katikati kimya kifupi, kama mtu anayemeza mate.
Ndivyo alivyonifundisha mjomba Tatave, kando ya reli ya Forbach,
ndani ya nyumba ya magurudumu iliyonuka mafuta ya taa.
"Solo ni ya wenye njaa," alisema. "Wewe wapikie."

Nikapika.
Harusi, vipaimara, mazishi ya akina Zigler,
baa ya Odile kila Alhamisi, theluji ianguke isianguke.
Sikuwahi kupigiwa makofi peke yangu
wala sikuyadai.

Kisha Noundi, mpwa wangu, mwenye vidole vya mwizi,
akaja na bolero.
"Mjomba, hii usiikate. Iache ipumue."
Nikaiacha, ikanifia mikononi.
Nikaikata, ikawa gwaride la zimamoto.
Ottmar akaegemea besi yake kubwa
akacheka kwa masharubu yake yote.

Aliyenitoa tongotongo ni Dona Iracema, mzaliwa wa Belem,
mshona mapazia wa ng'ambo ya barabara.
Gitaa langu hakuligusa. Aligusa meza.
Gumba: ndu
          ndu
mtu anapanda ngazi na ndoo ya maji, hana haraka.
Vidole vitatu: ta
               tá-ta
vikifika mlango umeshafungwa,
au kabla haujafunguliwa,
kamwe si saa wenyeji wanayowatazamia.
"Wewe unafika kama treni," aliniambia, uzi mdomoni.
"Fika kama mgeni anayependwa."

Wiki tatu.
Nilipiga meza, usukani, kopo la rangi,
nilipiga goti la mke wangu Suzel usiku wa manane.
Akanong'ona bila kufumbua macho:
"Chelewa kama unachelewa, lakini lala."

Siku ya mazoezi gumba langu likatembea,
nikajiona mtu.
Ottmar akasimamisha wimbo.
"Nyumba ya chini nakaa mimi.
Ukihamia, tutagombana jikoni."
Nikanuna. Nikawasha sigara, nikaizima.
Alikuwa na haki mzee yule:
noti moja, wapangaji wawili,
viatu vyetu vinakanyagana gizani.

Basi nikanyanyua gumba.
Uzi mnene nikauacha ulale,
nikabaki na nne za katikati,
nikizibana pamoja, nikiziachia pamoja,
sauti ndogo, kama sahani zinazopangwa chumba cha pili.
Kwetu hakuna ngoma, elewa. Hakuna umeme.
Magitaa mawili, fidla, besi,
na kila kimya kina mwenyewe.
Ukikosea, hakuna kishindo cha kujifichia.

Alhamisi ile Noundi aliondoka na bolero yake
akazunguka nayo mji mzima.
Mimi sikumfuata. Nilimwekea milango wazi.

Ndipo nilipomwona Bwana Kiefer,
mchimba makaa wa zamani, mapafu yamebaki nusu,
mtu ambaye hatujamwona akisimama ila kulipa.
Alisimama. Akamshika Odile kiunoni, aproni na yote.
Hatua mbili, akatua.
Hatua mbili, akatua.
Nikamtazama kifuani, chini ya vifungo vya koti:
alikuwa akivuta pumzi
palepale nilipoacha.

Nikaogopa kupiga.
Nikaogopa kutopiga.
Nikalipanua lile pengo unywele mmoja, si zaidi,
na Ottmar, bila kunitazama, akalipanua naye.

Makofi alipigiwa Noundi, na aliyastahili.
Bwana Kiefer akarudi kwenye kiti, akafuta paji la uso,
akaagiza bia ambayo hakuinywa.

Wimbo uliofuata ulikuwa wa mbio.
Nikarudi kisimani.