Herufi Ndogo Chini ya Jina

Baba anasema: miaka mitano chuoni
ili ukauze panadol?
Anakata mkate, hanitazami.
Kucha zake zina weusi wa manganizi,
sabuni imeshindwa, mama ameshindwa,
hata mto wetu hapa Chiatura
hauna rangi nyingine ya kujivunia.

Simjibu. Namkumbuka bibi Lamzira
alivyoanguka ngazini, ghorofa ya tatu,
viazi vikabingirika hadi mlango wa jirani.
Moyo umechoka, walisema.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne
na udadisi wa panya.
Nikamwaga mfuko wake wa dawa mezani:
boksi la buluu, la daktari wa hapa,
boksi jeupe, la daktari wa Kutaisi,
majina mawili, bei mbili,
na chini ya kila jina, kwa herufi za kufinya macho,
neno lilelile.
Bibi alikuwa akimeza dawa moja mara mbili,
moja kwa maji, moja kwa imani.

Nikakimbia na maboksi kwa bwana Jumber,
dukani, mkabala na kituo cha magari ya waya.
Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.
Akapiga simu mbili kwa sauti ya chini,
kisha akachukua kalamu nyekundu
akapiga mstari mmoja juu ya boksi jeupe.
Hakupasua mtu. Hakuchoma sindano.
Bibi akaishi miaka sita mingine
akigombana na kuku na serikali.

Mwaka jana kemia ilinikata kwa alama nne.
Nne!
Sasa nafagia kwa Jumber, napanga rafu,
nakagua tarehe za kuisha,
najua ipi hukaa kwenye friji, ipi huogopa mwanga,
na nani huvizia duka liwe tupu
aje kunong'ona ugonjwa wake kama deni.
Karatasi za daktari hupita chini ya kioo,
mwandiko wa mtu anayekimbia mvua,
nami nausoma kimoyomoyo kabla Jumber hajausoma.
Mara nyingi napatia.
Jana nukta ilinipita:
nikasoma tano palipoandikwa nusu.
Hakuna aliyedhurika, ni mchezo wangu tu wa kimya,
lakini mikono ilinitetemeka hadi nikaiweka mfukoni.
Jumber aliona. Alisema neno moja:
Utunze.

Mtihani ni Julai.
Usiku nachora molekuli nyuma ya risiti,
pete za kaboni, mikia ya oksijeni,
theluji ikigonga dirisha kama mtu asiye na haraka.
Baba amerudi zamu, anakohoa jikoni.
Anasukuma kichupa mbele yangu, bila salamu:
Hii kutwa mara ngapi?

Nasogeza taa.
Kwanza niambie, baba,
ni dawa gani nyingine unameza?

Anasimama kidogo, kisu cha mkate mkononi.
Kisha anakwenda chumbani
kuleta mfuko.