Dari ya Mtu

Lilianza doa dogo, rangi ya chai iliyosahauliwa,
juu ya kabati la vyombo, Jumanne ya mwisho ya Februari.
Nikapanda kiti, nikalizungushia penseli, nikaandika tarehe.
Miaka ishirini na sita nilichora gia za malori
kiwandani hapa Kutaisi;
mstari ukitembea bila ruhusa
mimi silali.

Jumatano lilikuwa limeruka.
Nikachora mwingine. Alhamisi, mwingine.
Kufikia Jumapili dari ilikuwa ramani ya mlima
ambao kilele chake kinatazama chini,
na kileleni, tone.

Ndo.
Kimya kirefu. Unaanza kuamini.
Ndo.

Nikatega karai. Nikatega sufuria ya kuchemshia jamu ya tini.
Wanasema chururu si ndondondo:
waliosema hawakulazwa chini ya ndondondo.
Chururu ungeita fundi.
Ndondondo inaita mawazo.

Mvua? Mbingu kavu tangu Ijumaa,
na kuna ghorofa mbili kati yangu na paa.
Nikakinga kidole, nikanusa.
Kitunguu saumu. Giligilani.
Basi ni Vazha wa ghorofa ya nne,
ambaye hatujasalimiana
tangu mzabibu wa marehemu mume wangu ulipofika roshani yake
naye akashuka na msumeno akaukata shinani,
eti unaleta nyigu.
Miaka tisa bila neno,
leo ananitumia supu kupitia dari.

Usiku wa Jumatatu rangi ilivimba,
ikashika maji kama shavu la mtu anayezuia kicheko.
Nikachukua sindano ya kufumia, ile nene,
nikachoma.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wahenga walivyosema.
Mimi niliyazoa. Kwa dekio, kwa taulo mbili, kwa shali ya sufi,
magoti chini, nikikamua, nikimlaani Vazha
kwa jina la baba yake
na la babu yake, ambaye simjui,
mlango ukagongwa.
Nilijua ni yeye. Nikapanga maneno.
Alikuwa Tsiala wa ghorofa ya pili,
nywele zimelowa, beseni mkononi:
"Lamara, jamani, unanifanyia nini?"

Sikuwahi kufikiri.
Miaka thelathini natembea juu ya mtu,
naburuta viti, naangusha vijiko,
nikidhani sakafu ndiyo mwisho wa mambo.

Tukapanda ngazi, yeye na beseni lake, mimi na sindano yangu.
Vazha alifungua kabla hatujabisha,
suruali imekunjwa hadi magotini.
Bomba la sinki alikuwa amelifunga kwa tai,
tai ya hariri, ya buluu, ya siku kubwa,
mafundo matatu, na bado linavuja.
"Fundi nimemwita tangu Jumatano," akasema.
"Nilidhani maji yanaishia hapa."
Akaonyesha sakafu yake
kama mtu anayeonyesha mpaka wa nchi.

Maneno niliyoyapanga yalikuwa mazuri. Sikuyaona tena.
Nikamwambia: fundo lako halishiki, vuta huku.
Tsiala akashika tochi.

Fundi alikuja Alhamisi, akatoza lari arobaini,
akaacha alama za buti hadi kwenye zulia.
Dari imekauka. Vazha alinunua kopo la rangi nyeupe,
akaliweka mlangoni pangu, akaondoka.
Sijalifungua.

Jana alishuka mwenyewe.
Akasimama katikati ya jiko, kofia mkononi, shingo nyuma,
akizisoma tarehe zangu moja moja, midomo ikitembea.
"Hii ya Ijumaa," akasema,
"nilikuwa napika maharage."