Kibaraza Nyuma ya Jikoni

Nilikichora kwanza nyuma ya bili ya stima:
mita tano kwa nne, mshale wa jua linakotokea,
msalaba mahali pa tangi, duara mahali pa kigoda cha mama.
Fundi Nzioki akaigeuza karatasi, akasoma deni,
akacheka kwa pua: "Hii ni ramani ya tajiri."
Tukakata mita moja, ikawa karo.
Tukakata nusu nyingine, ikawa nondo.

Huku Ruai udongo ni mweusi na una kinyongo.
Kiangazi hupasuka; ulishameza ufunguo wangu wa lango.
Masika huvimba, hung'ang'ania kiatu
kama mdai aliyekukuta njia panda.
"Huu haujengewi," akasema Nzioki. "Huu unahamishwa."
Siku mbili Osoro na sururu,
toroli likilia kwa gurudumu lake moja,
hadi nyuma ya nyumba pakawa shimo,
na mama, amesimama kizingitini,
akauliza ni nani amekufa.

Kwao Nyamira sakafu hukandwa kwa kiganja,
udongo na samadi, Jumamosi hadi Jumamosi.
Hakuielewa ardhi ya kununuliwa kwa lori:
mawe kwanza, kisha kifusi chekundu,
kikashindiliwa hadi vikombe vikatetemeka kabatini.
"Na managu," akauliza, "yatakunywa nini chini ya jiwe?"
Sikuwa na jibu. Nikampa pembe moja,
mraba wa ukubwa wa dirisha, usiomwagwa kitu.
Nzioki akanung'unika siku nzima:
kona nne zimekuwa sita, na mbao za fremu hazitoshi.

Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto.
Nilihesabu kwa sauti, kama mtoto wa chekechea,
maana Osoro alikuwa na mkono mwepesi kwenye maji.
Mteremko: upana wa kidole kwa kila mita,
kuelekea mtaroni, nyumba isije ikalewa.
Povu la pima maji likasimama kando kidogo ya mstari,
na fundi akaridhika. Mimi ningelinyoosha.

Zege halilali, husema mafundi, na ni kweli:
saa kumi jioni bado tulikuwa tunalisawazisha kwa ubao,
Osoro kushoto, mimi kulia, kama wapasua mbao,
wingu likatokea upande wa Kamulu bila hodi.
Nikakimbia dukani kwa Mwikali kutafuta nailoni.

Niliporudi,
mama alikuwa amekiweka kigoda juu ya zege bichi,
pale ukingoni, karibu na mlango,
amekikalia, nyayo zake kizingitini,
anachambua mchele.
Nzioki ameuinua mwiko hewani.
Hakuna aliyethubutu.

Usiku ule nami sikulala.
Mvua ilitembea juu ya nailoni hadi alfajiri,
nami nikitoka na tochi kila saa, kama mwenye mgonjwa.
Kisha siku saba za kulinywesha, asubuhi na jioni,
magunia juu yake, maji ya kununua kwa mtungi,
jirani akichungulia ukutani:
mtu mzima anamwagilia jiwe, anangoja liote.
"Zege halikauki," Nzioki alikuwa amenionya. "Hukomaa."

Ni mwaka sasa.
Ufa mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea,
umepita palepale alipoapa hautapita.
Managu yameujaza mraba wao, yanavuka mpaka.
Na yale matundu matatu ya miguu ya kigoda
hatukuyaziba. Nilimwita fundi, akaja na saruji kwenye kopo,
akayatazama, akanywa chai, akaondoka nayo.

Mvua ikinyesha, hayo ndiyo hujaa kwanza.
Jua likitoka, mama huja na kigoda chake kwapani,
hukiweka, hukizungusha polepole,
mguu mmoja, wa pili,
akisikiliza kwa mkono,
hadi kitumbukie mahali pake.
Ndipo huketi.