Banda la Katumba

Nyuma ya daftari la maziwa nimechora mstatili:
hatua saba kwa tano, banda walilohama ng'ombe Desemba.
Kuta zipo. Harufu ipo.
Mabati mawili yameoza, kona ya mashariki.

Saruji mifuko kumi na mmoja, yote ya sakafu,
maana Shangazi Subilaga huburuta mguu wa kushoto
na mvua ya Tukuyu haimuulizi mtu umri.
Mbao: fundi Ambakisye anataka laki nne,
nikicheka anashuka mpaka tatu na nusu.
Kizingiti: hakuna. Nimekifuta mara mbili.
Mlango upana wa mita nzima,
ili siku ya kumbeba –
hapo nikaacha, nikachonga penseli.

Jumla inazidi malipo yote ya chai tangu Machi.

Nikamsomea. Alisikiliza kama anayetajiwa bei ya mkungu,
kisha akafungua pindo la kitenge:
pesa za msiba wake, noti zilizolainika kwa kukaa.
"Ongeza dirisha," akasema. "Jeneza halina dirisha,
na mimi mlima bado nauona, asubuhi kukiwa kweupe."

Nikahesabu. Bado elfu sitini.

"Na hori usilivunje."
La nini, Shangazi?
"Nitalikalia. Nimelijaza nyasi miaka arobaini,
lenyewe halijanipa hata kiti."

Nikakata mstari: kubomoa hori, elfu ishirini.
Zimebaki arobaini.
Dirisha nimeliandika kwa wino.