Siku Tatu za Giza

Kapteni Rweyongeza alizaliwa ziwani,
kwao maji hukaa pale pale yalipolala jana.
Alishuka Msimbati na ramani ya rangi mbili,
buluu bahari, njano nchi kavu,
na katikati mstari mwembamba wa wino,
utadhani pwani ni ukuta uliopigwa lipu.

Tulikuwa sitini na wanne, bunduki arobaini na moja.
Akatupanga ufukweni kama vifungo vya shati:
mtu, hatua mia, mtu, hatua mia,
mpaka watu wakaisha na ufukwe ukabaki.
Mimi karani nikaandika: "Pwani imelindwa."
Usiku ule nilipita kati ya walinzi wawili
nikikohoa. Hakuna aliyegeuka.

Siku ya tisa akaja Bi Somoe Nang'unda,
chuma cha kuchokolea pweza begani,
kanga imefungwa juu ya magoti.
Haombi ruhusa, anataka kupita.
"Umeweka mtu juu ya njia yangu."
Kapteni akamwambia hapa pana vita.
"Najua. Wanakuja lini?"
"Adui hasemi siku."
"Yeye hasemi. Maji yanasema."

Akachuchumaa, akachora mchangani:
huu mwamba, mrefu kama uti wa papa.
Maji mafu, chombo chenye mzigo kitapasuka tumbo.
Bamvua tu, yakijaa pomoni, ndipo mwamba huruhusu,
tena mahali pamoja, upana wa majamvi kumi.
Na bamvua hapa hujaa saa kumi,
saa kumi jioni, saa kumi alfajiri,
tangu bibi yake hajazaliwa.
"Jioni utamwona. Basi ni alfajiri.
Mwezi mpevu utamwona. Basi ni mwezi ukifa."
Akahesabu kwa vidole vilivyoliwa na chumvi:
"Adui yako hana mwezi mzima, baba. Ana siku tatu.
Nne, akiwa mpumbavu."

Kapteni alinyamaza kwa muda wa sigara nzima.
Kisha akanipokonya daftari,
akaukata mstari wangu.

Siku zilizobaki tulilala. Usingizi nao ni silaha.
Maji yalipokupwa, saa nne asubuhi,
wanawake ishirini walitembea mpaka mlangoni,
wakakita nguzo za mkoko, ndefu mara mbili ya mtu,
ncha zikitazama mashariki,
watoto migongoni,
wakigombana nguzo ya nani imeegemea kushoto.
Ule ufukwe mpana, mzuri, tukauacha wazi
na moto mmoja wa uongo,
kama mwenye nyumba aliyefungua mlango wa mbele
akajibanza jikoni na mchi.

Usiku wa pili wa giza, saa kumi kasoro,
tulisikia injini. Ikanguruma, ikapunguza.
Kisha mti ukagusa chuma:
ko.
Hakuna aliyefyatua. Kapteni alikuwa amenishika mkono,
nikajua kumbe naye anatetemeka.
Ko, tena. Mtu akatukana kwa lugha tusiyoijua;
tusi halihitaji mkalimani.
Injini ikarudi nyuma, ikafifia,
na maji yakaanza kushuka.

Labda walikuja kupima tu.
Labda ni watu wa magendo, wameshiba chumvi na sukari.
Ripoti niliipiga chapa mwenyewe:
"Kufuatia uchambuzi wa kina wa makao makuu."
Nafasi ya jina lake ilikuwepo,
mstari wa tatu, baada ya mkato.
Niliambiwa nisiliandike.
Lakini vidole vilikuwa vyangu.

Sasa nakaa Chikongola, mjini, siyaoni maji.
Mwezi ukifa naamka saa kumi,
nakaa ukingoni mwa kitanda, nimetega sikio.
Mke wangu, bila kufumbua macho:
"Yamejaa?"
"Yamejaa."
"Basi lala. Yatashuka."