Dakika Tatu

Kazi yangu ni kuandika. Sina kura.
Nakaa chini ya bendera ya Ohio, kushoto kwa mwenyekiti,
na saa ya plastiki ninayoibonyeza
raia yeyote akisimama kusema.
Kila mmoja dakika tatu.
Bwana Prewitt si raia wa hapa, ni mgeni wa heshima,
kwa hiyo yeye saa hatukumwashia.

Alikuja na mnara ndani ya sanduku la kioo:
ghorofa ishirini na sita, bwawa la kuogelea juu ya paa,
miti ya sponji, na watu wadogo wa plastiki
wasio na nyuso, wameshika mikoba,
wanatembea pale Mtaa wa Wabash
ambapo leo asubuhi nilinunua mkate.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
ndivyo zilivyosema picha zake ukutani.
Ajira mia nne. Mikahawa. Taa hadi usiku wa manane.
Anachoomba ni kidogo tu, miaka thelathini
bila kodi ya jengo, na jiji limtandazie mabomba,
limchimbie maegesho, limkopee benki
kwa jina letu.
Bila hivyo, alisema, hesabu haikubali.
Aliitaja hesabu kama mtu anavyomtaja mkwewe,
wa kuogopwa, asiyeulizwa sababu.

Sheria inataka neno moja kabla ya msamaha:
mtaa lazima kwanza utangazwe kuwa chakavu.
Wakili akazisoma nyumba chakavu
namba baada ya namba, kama bei za mboga.
Kwenye 418 akasimama Bernadine Kucharski.

Nikabonyeza.

Alisema: kila Jumamosi nasugua ngazi zangu kwa brashi na siki.
Alisema: paa nimeliezeka upya mwaka juzi, risiti ninayo,
akafungua mkoba, akaitafuta,
akatoa miwani, leso, picha ya mjukuu.
Sekunde arobaini zilizama humo mkobani.
Alisema: kodi nalipa tangu mume wangu yu hai,
hata mwaka ule kiwanda cha matairi kilipofungwa
tulilipa kidogo kidogo, senti juu ya senti,
na hatukumwambia mtu kwamba hesabu haikubali.
Alisema: kule Shule ya Garber mvua ikinyesha
watoto wanasoma huku ndoo inahesabu mato—

Mlio.
Taa nyekundu.
Nikaandika: Bi. Kucharski amepinga. Muda umekwisha.
Fomu haina mahali pa kuandika ndoo.

Akaja Odell Fennimore, kinyozi,
akasema, acheni ajenge, angalau kitu kijengwe,
wanangu wote watatu wamehamia Columbus
na mimi nanyoa vichwa vya wazee
vinavyopungua nywele na kupungua idadi.
Akakaa.
Alibakiza dakika moja na nusu.
Nilitamani kuziokota nimpelekee Bernadine.

Saba kwa wawili.
Diwani Strohmeyer alifumba macho alipoinua mkono.
Labda alisali. Labda ni usingizi,
ilikuwa saa nne kasoro usiku.

Walipoubeba mnara kuurudisha garini
mtu mmoja wa plastiki alidondoka.
Nilimkuta chini ya kiti, safu ya tatu,
ameanguka kifudifudi, mguu mmoja mbele,
bado anatembea.
Sikujua nimrudishe wapi. Kwao hakujajengwa.
Nikamweka kwenye droo ya mihuri
juu ya bili yangu mwenyewe ya kodi,
ambayo mwaka huu imepanda dola mia na kumi na mbili,
na tarehe ya mwisho ni Ijumaa.

Mlinzi alikuwa anafunga madirisha.
Nikaiwasha saa, nikaenda kwenye kipaza sauti
kilichokwisha kuzimwa,
nikasimama pale na koti langu mkononi.
Sikusema kitu.
Mlinzi akaniuliza kama naumwa.
Nikamwambia, subiri,
zimebaki mbili.