Sakafu ya Nje, Gungu

Unaniuliza, jirani, kama mbao inafaa
nje, huku kwetu, ambako hata chumvi ya Uvinza
hulia ndani ya kopo kuanzia Novemba.
Kaa. Si hapo, chini ya mparachichi panateleza.
Kaa hapa.

Ya kwanza aliipiga Ntahondi mwenyewe,
mwaka aliostaafu reli,
kwa paini ya bei rahisi iliyonuka utomvu.
Alizibana mbao pua kwa pua,
hata wembe usipite,
akaruka juu yake mara mbili: "Sikia, ngoma!"
Fundi Bukuru alikuwa anapita, randa kwapani.
Akatazama, akauliza, "Itapumulia wapi?"
Tukacheka. Ubao umekufa, unapumua nini?

Mvua ikajibu.
Maji ya juu tuliyajua.
Hatukujua yatakuja na ya chini,
udongo mwekundu tuliouziba gizani
ukitoka jasho kama mgonjwa wa homa.
Februari, kijani. Machi, weusi.
Aprili nikachuma uyoga
palepale tulipokuwa tunaweka sinia la chai,
na kisigino cha shangazi Nyamwiza kikazama,
yeye, na kikombe, na heshima yake yote.
Ntahondi akapaka oili chafu ya gereji,
akapaka hadi mawese, Mungu amrehemu,
tukanuka kikaango mwezi mzima.
Mchwa wakangoja ikauke, wakaendelea.

Hii unayoikanyaga ni ya pili.
Mninga. Mkopo wa kikoba, miezi kumi na minane.
Bukuru aliiinua juu ya mawe, kuku apite,
akailaza ikiinama kuelekea migombani,
kidogo tu: chungwa ukiliweka
litaondoka, lakini kwa kusitasita.
Na kati ya ubao na ubao
alisimamisha msumari wa inchi nne,
akagongomea, kisha akauchomoa,
akaacha unene wake.
Unene huo ndio niliolipia, jirani.
Mbao ni kingo zake.

Zimepita humo shilingi, kitana,
hereni ya mjukuu,
na asubuhi moja kidonge cha presha cha Ntahondi.
"Kiache," akasema, "nitameza cha kesho."
Sikung'oa ubao kukitafuta.
Unyevu haubakizi vitu vidogo.

Basi, inafaa?
Kila kiangazi napiga magoti,
brashi ngumu, maji ya majivu,
nakwangua kijani kwenye mifereji ya msumari ule.
Wekundu wa mninga umekwisha, umekuwa kijivu;
sikuupaka rangi, nami sijipaki.
Kama magoti huna, mwaga zege, ulale.
Mimi mvua ikikatika natoka na kiti,
nasikiliza tone linavyopenya,
linavyonyamaza kidogo njiani,
halafu linavyofika.

Chukua chai.
Kikombe cha kushoto ndicho chenye sukari.